UZI: Makosa 285, akatiwa hatiani kwa moja tu. Wakili wa mtuhumiwa wa ugaidi Marekani anapigania wapi hasa?

#1 Msasani Bondeni

Wakuu, habari za muda huu.

Juzi kwenye uzi mwingine kuna mdau kaandika kwamba Marekani ukishaitwa gaidi, wakili ni pambo tu, kama ua la plastiki mezani. Nikaanza kumjibu palepale, jibu likarefuka, nikaona bora lipate uzi wake.

Nijieleze kwanza nisije nikaambiwa naleta stori za kijiweni. 7 Agosti 1998 nilikuwa darasa la sita, Kinondoni. Siku ya Ijumaa, saa nne na kitu asubuhi. Vioo vya ofisi ya mwalimu mkuu vilitetemeka, sisi tukashangilia tukidhani transfoma imelipuka na tutarudishwa nyumbani. Kweli tulirudishwa. Ulikuwa ni ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon. Dar walikufa watu 11, Nairobi 213.

Miaka 12 baadaye nikawa New York nabeba boksi kama wengine, zamu ya usiku. Oktoba 2010 nikasikia kwamba Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani anasimamishwa mahakama ya shirikisho Manhattan kwa mlipuko uleule. Nikatoka kazini asubuhi moja, badala ya kwenda kulala nikaenda kortini. Hakuna kiingilio wala barua ya utambulisho. Getini unaacha simu, unapita kwenye mashine, unapanda lifti, unakaa kwenye benchi la mbao kama kanisani. Nilienda mara mbili, na mara ya pili nilisinzia, sitawadanganya. Lakini nilichokiona ndicho kilichonifanya leo niwe karani kwenye chemba ya mawakili hapa Dar (karani, si wakili, msije mkanipigia mniulize mambo ya viwanja).

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Ghailani alikamatwa Gujrat, Pakistan, Julai 2004. Kwa muda wa kama miaka miwili alikuwa kwenye magereza ya siri ya CIA, Septemba 2006 akapelekwa Guantanamo, Juni 2009 akaletwa New York. Alikuwa wa kwanza kutolewa Guantanamo kuja kushtakiwa kwenye mahakama ya kiraia. Hati ya mashtaka ina makosa 285, mengi yakiwa ya mauaji, kosa moja kwa kila marehemu.

Sasa mtu unategemea wakili aseme nini? "Mteja wangu hakuwepo"? Hakusema hivyo. Ushahidi wa mashtaka ulikuwa kwamba Ghailani alishiriki kununua lile lori la Nissan Atlas lililobeba bomu, kwamba alinunua mitungi ya gesi iliyopakiwa humo, kwamba kwenye kabati la nyumba aliyokuwa akiishi Dar kilikutwa kilipuzi, na kwamba tarehe 6 Agosti, siku moja kabla, alipanda ndege Nairobi kwenda Karachi kwa pasi yenye jina si lake. Timu ya wakili wake, Peter Quijano, haikung'ang'ania kupinga manunuzi. Ilipinga kitu kimoja: kujua. Kijana alitumwa. Wakubwa walimwambia nenda kaulizie bei ya lori, akaenda. Kalete mitungi, akaleta.

Hapo ndipo mimi Mswahili niliyekaa benchi la nyuma nilijisogeza. Kwetu kijana kutumwa ni kitu cha kila siku. Mjomba akikwambia kachukue mzigo Kariakoo, unamuuliza mjomba ndani kuna nini? Mzungu wa juri hilo ilibidi aelezwe, mimi nilikuwa nalijua toka utotoni.

Utetezi haukuita shahidi hata mmoja. Ghailani hakupanda kizimbani. Tarehe 17 Novemba 2010 juri, yaani wananchi 12 wa kawaida waliofichwa hata majina yao, walirudi na jibu: 284 hana hatia. Moja ana hatia, kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani.

Halafu tarehe 25 Januari 2011 Jaji Lewis Kaplan akampa kifungo cha maisha kwa hilo hilo moja, na fidia ya zaidi ya dola milioni 33.

Kwa hiyo kabla hamjaniambia "si unaona, pambo tu", subirini niwaeleze kilichotokea kabla ya juri kukaa. Hapo ndipo penye uzi.

#2 Korogwe Tambarare

Nimekaa pale 👉 Tiririka mkuu.

#3 mjukuu wa Bi Tatu

Makosa 284 umeshinda halafu unalala ndani maisha. Hiyo ni kama kuchukua pointi ligi nzima halafu ukashushwa daraja 😅

#4 Msasani Bondeni

Naendelea.

Maelezo yote aliyoyatoa Ghailani mikononi mwa CIA yalichukuliwa kuwa yametolewa kwa kushurutishwa. Serikali haikubisha hilo kwenye hoja ile, wala haikujaribu kuyaleta kortini. Akili zao zikaenda kwingine: kwenye mahojiano hayo alikuwa ametaja jina la mtu, Mtanzania anayedaiwa kumuuzia TNT (baruti kali). Wakamfuata yule mtu, akakubali kuja kutoa ushahidi. Mwendesha mashtaka anasema, huyu tunamleta kama shahidi, anakuja kwa miguu yake, hajateswa na mtu.

Utetezi ukaweka pingamizi. Mmempataje? Kupitia kinywa cha mtu aliyekuwa anabanwa. Mti ukiwa na sumu, na tunda lake haliliwi. Jaji akasikiliza kwanza bila juri, ile tunayoita huku kesi ndogo, na tarehe 6 Oktoba 2010, kesi ikiwa mlangoni kuanza, akamkataa shahidi huyo. Serikali haikukata rufaa. Ikaingia uwanjani bila mtu wa kusema "mimi ndiye niliyemuuzia baruti."

Wakuu, hebu pimeni. Utetezi wote ni "hakujua". Sasa mlete shahidi anayesema alinunua TNT kwangu. Je, "hakujua" inabaki? Ukiniuliza mimi, zile 284 zilipatikana siku ile, wiki nzima kabla juri halijasikia neno.

Lakini wakili alipoteza hoja nyingine kubwa. Aliomba kesi ifutwe kwa sababu mteja aliteswa, ikakataliwa. Aliomba ifutwe kwa sababu ya kucheleweshwa, maana katiba yao inamhakikishia mtu kesi isiyokawia na huyu alikaa karibu miaka mitano bila kufikishwa kortini. Ikakataliwa pia. Ghailani mwenyewe aliomba abaki na mawakili wa jeshi aliowazoea Guantanamo. Ikakataliwa.

Na kubwa kuliko zote: jaji aliliambia juri kwamba mtu akifumba macho makusudi asione kitu kilicho mbele yake, sheria inaweza kumhesabu kuwa alijua. Mbuni akichimbia kichwa mchangani haimaanishi hakuona. Rufaa iligonga hapohapo, na Oktoba 2013 mahakama ya rufaa ikasema maelekezo yale yalikuwa sawa.

#5 Otieno wa Ufundi

Mimi nasoma hii thread nikiwa Nairobi na nitasema ukweli, inaniuma. Auntie yangu alikuwa kwa dirisha siku hiyo. Walisikia kwanza mlio mdogo, kila mtu akaenda dirishani kuona ni nini, halafu ikaja ile kubwa. Vioo vilimchukua macho yote mawili. Saa hii ana miaka 61, anajua kila mtu kwa sauti. Sasa nyinyi mnahesabu hapa pointi za mawakili kama mpira. Huyo auntie nani alimpa wakili? Nani alimlipia?

#6 Msasani Bondeni

Otieno ndugu yangu, pole sana, na mpe pole auntie. Sina jibu la swali lako la mwisho na sitajifanya ninalo. Waathirika wengi wa Kenya na Tanzania walizunguka na kesi zao za madai miaka na miaka.

Ila nani alimlipa Quijano, wakili wa Ghailani, hilo naweza kukujibu, maana wengi hawajui: alilipwa na serikali ileile iliyolipuliwa ubalozi. Marekani kuna sheria ya mwaka 1964 inayosema mshtakiwa wa mahakama ya shirikisho asiye na uwezo anapewa wakili kwa fedha za serikali. Siyo kijana aliyemaliza shule ya sheria juzi. Kuna orodha ya mawakili binafsi waliochujwa, jaji anawateua. Na kama adhabu inaweza kuwa kifo, lazima awepo mmoja aliyebobea kwenye kesi za kifo. Wanapewa hadi fedha za mpelelezi wao. Ndiyo maana unasikia wakili wa New York kashuka Dar au Unguja anauliza watu maswali: anachunguza upande wa pili.

#7 Bint Makunduchi

Asalaam aleikum. Mie nimo humu siku nyingi nasoma tu, leo mmenitoa.

Mnamtaja Ghailani, mbona yule mwengine hamumtaji? Khalfan Khamis Mohamed. Huyu wakwetu Unguja vilevile, na kesi yake ya kisheria inashinda ya Ghailani kwa utamu, wallahi. (Nasema utamu wa sheria, si wa jambo lenyewe, Mungu awarehemu waliokufa.)

Huyu alikimbilia Cape Town, akawa anafanya kazi kwenye mkahawa wa baga, amejipa jina jengine. Oktoba 1999 kaenda ofisi ya uhamiaji na shida zake za karatasi za ukimbizi, wakamshika. FBI wakamhoji. Siku ya pili yuko ndegeni anakwenda New York. Hakuna hakimu wa Afrika Kusini aliyemuona, hakuna aliyeuliza huyu mtu akifika huko mtamnyonga au hamumnyongi.

Sasa sikilizeni. Kesi inakwenda New York mwaka 2001, yeye na wenzake watatu, Jaji Leonard Sand. Huku nyuma mawakili wanamfungulia nyengine Afrika Kusini: mlimtoa mtu nchini kinyume cha katiba yenu. Tarehe 28 Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema naam, ilikuwa haramu. Nchi iliyofuta adhabu ya kifo haina ruhusa kumkabidhi mtu anakoweza kuuliwa bila kupata ahadi kwanza. Mahakama ikaagiza hukumu hiyo ipelekwe kwa mahakama ya New York.

Siku ya pili yake, tarehe 29 Mei, juri la New York likasoma uamuzi wake: wote wanne na hatia, makosa yote 302.

Uamuzi wa Afrika Kusini umechelewa? La. Bado palikuwa na kikao cha adhabu, kufa au maisha. Jaji aliruhusu juri lijue ya Afrika Kusini na lipime. Jamaa zake waliletwa kutoka Zanzibar, wakaeleza alivyolelewa. Mawakili wake hata hawakupoteza nguvu kubisha kama alishiriki. Toka mwanzo shabaha yao ilikuwa asiuliwe. Mashtaka nao wakaleta mkasa mzito: mshtakiwa mwengine aliyekuwa naye chumba kimoja alimchoma mlinzi wa jela jichoni kwa kichanuo kilichochongwa, Novemba 2000, na wakadai Khalfan alishiriki. Pamoja na hayo, tarehe 10 Julai 2001 watu 12 hawakukubaliana. Na kwa sheria yao, juri lote lisipokubaliana juu ya kifo, basi ni maisha.

Kwa hiyo huyo wa ua la plastiki mwambieni aende akamuulize yule aliyebaki hai.

#8 Korogwe Tambarare

Bint Makunduchi uwe unaandika bana, siyo kukaa kimya 👏

#9 Wakili Kisutu Nje

Mleta mada kaeleza vizuri kwa karani 😀 Niongeze mawili ya kitaaluma, hasa kwa wadau wa Kenya.

Kwenye kesi ile ya 2001 kuna maswali mawili yaliyozaliwa Nairobi na leo wanafunzi wa sheria Marekani wanayasoma.

La kwanza ni onyo, yaani kumwambia mtuhumiwa haki zake kabla ya kumhoji. Al-'Owhali, mmoja wa wale wanne, alikamatwa Nairobi siku chache baada ya mlipuko, akahojiwa na FBI hapohapo Nairobi. Fomu ya haki aliyosomewa ilimwambia kwamba angekuwa Marekani angekuwa na haki ya wakili, ila kwa kuwa hapa si Marekani hatuwezi kukuhakikishia. Utetezi ukadaka hapo. Je, mpelelezi wa Marekani akiwa nje anaweza kuacha zile haki uwanja wa ndege? Jaji Sand alisema haki ya kuonywa inamfuata mshtakiwa hata mgeni, hata akiwa nje, maadamu anayemhoji ni Mmarekani na kesi itasikilizwa Marekani. Fomu akaiona ina kasoro. Ila maelezo ya siku za baadaye yalipokelewa, kwa kuwa alikuwa ameelezwa upya kwa mdomo na kwa ukamilifu. Unaona hapo: wakili alishinda kanuni, mteja akapoteza kesi. Hili hutokea sana kwenye kazi yetu na hakuna anayekushukuru.

La pili ni upekuzi. Wadih el-Hage, mwingine wa wale wanne, raia wa Marekani, aliishi Nairobi. Simu zake zilisikilizwa na nyumba yake ikapekuliwa Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya bomu, bila hati ya jaji wa Marekani. Wakili akauliza hati iko wapi. Jibu la mwisho la mahakama ya rufaa, Novemba 2008: nje ya nchi hati haihitajiki hata kwa raia wao, kinachotakiwa ni upekuzi uwe wa kiasi. Hapo utetezi ulifunga milango.

#10 Mchongo wa Ilala

Wakili tukuulize, hizo kesi za wenzetu na zetu tofauti ni nini? Huku mtu anasomewa ugaidi, hana dhamana, kila wiki mbili analetwa anaambiwa UPELELEZI HAUJAKAMILIKA, jela tena. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar mpaka 2021 ndipo wakatoka, DPP (mkurugenzi wa mashtaka) kaondoa kesi. Mbowe naye, mwenyekiti wa Chadema wakati ule, Julai 2021 kakamatwa Mwanza, 4 Machi 2022 DPP kaondoa. Kesi haiishi kwa hukumu, inaishia kwa barua.

#11 Wakili Kisutu Nje

Mkuu, usiipambe sana ya wenzetu. Dhamana kwenye ugaidi nao ni ndoto: sheria yao inaanza na dhana kwamba mtu abaki ndani, wewe ndiye ubishe. Sheria yao ya 1974 inasema kesi ianze ndani ya siku 70, lakini ina milango ya dharura mingi kuliko basi, na "kesi ni tata" ni mmoja wao. Wale waliokamatwa 1998 walikaa ndani zaidi ya miaka miwili kabla ya kusikilizwa.

Tofauti naiona kwenye jambo moja. Kule upelelezi unatakiwa uwe umeiva kabla ya kumsimamisha mtu, na wakili anapewa makaratasi mapema ayachambue. Huku wakili anaanza kuona ushahidi wakati mteja amezeeka mahabusu. Kesi ndogo ya maelezo ya onyo, mliisikiliza kwenye ile ya Mbowe, ilichukua siku ngapi? Na mambo yaliyobishaniwa ni yaleyale ya Manhattan: alihojiwa wapi, na nani, saa ngapi, alikuwa katika hali gani.

#12 Mama Zuhura Columbus

Jamani nami niweke changu. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili huku Ohio, kesi za kawaida za mahakama na hospitali, ugaidi sijawahi na Mungu aniepushe. Lakini mleta mada aliposema utetezi wote ulikuwa kwenye neno "kujua", nywele zilinisimama.

Mnajua hilo neno linavyotusumbua? Mtu anasema "nilijua ni wezi". Kwa Kiingereza lazima uchague: alikuwa anajua tangu mwanzo, au alikuja kugundua? Kiswahili hakikulazimishi. Kwenye kesi ambayo maisha ya mtu yanategemea alijua lini, hapo mkalimani akichagua vibaya amemfunga.

Jingine ni "jamaa". Kuna siku shahidi, mzee wa Kigoma, kasema "wale jamaa walikuja usiku." Mwenzangu aliyekuwa zamu akatafsiri kama ndugu wa damu. Wakili wa upande wa pili akaanza kumuuliza mzee ukoo wake! Mzee wa watu anashangaa, ukoo umeingiaje kwenye gari lililoibwa? Nikapandisha mkono, tukarekebisha, jaji akaandika. Na "ndugu" ndiyo usiseme. "Nilikuwa na ndugu Fulani" inaweza kuwa kaka, binamu, mtu wa dini moja, au heshima tu ya enzi za Mwalimu. Sasa weka hilo kwenye kesi ya kula njama, ambako mashtaka yanatafuta nani yuko karibu na nani.

Wakili mzuri anakuwa na mkalimani wake wa pembeni, anayekaa meza ya utetezi na kumsikiliza yule wa mahakama. Nimeifanya kazi hiyo mara tatu. Huongei na mtu, unaandika karatasi ndogo na kumsogezea wakili.

#13 mjukuu wa Bi Tatu

Mama Zuhura shikamoo. Sijawahi kuliwaza hilo la "nilijua". Leo nimeishia kuogopa Kiswahili changu mwenyewe.

#14 Mama Zuhura Columbus

Marahaba mwanangu. 😄

#15 Otieno wa Ufundi

Sawa nimesoma zote. Nina swali bila hasira. Yule Mkenya mwenzetu, Cholo Abdi Abdullah, alikamatwa Philippines 2019 akisomea urubani, wakampeleka New York. Nilisikia alikataa mawakili. Mtu anakataa wakili wa bure kwa kesi kama hiyo?

#16 Wakili Kisutu Nje

Ndiyo, alijisimamia. Ni haki yake, mahakama yao ya juu ilishasema hivyo mwaka 1975: mtu hawezi kulazimishwa wakili. Jaji humhoji kwanza kuona kama anaelewa anachokifanya, na mawakili wanabaki wamekaa pembeni kama akiba. Abdullah hakuhutubia juri mwanzoni wala hakubishana na mashahidi. Novemba 2024 akakutwa na hatia kwa makosa yote sita.

Kuna wanaofanya hivyo kwa sababu hawaitambui mahakama. Moussaoui wa kesi ya Septemba 11 alijitetea mpaka jaji akamnyang'anya haki hiyo mwaka 2003 kwa vituko vyake. Baadaye akakiri mwenyewe, na bado juri likashindwa kukubaliana anyongwe. Kwa hiyo mawakili aliowatukana ndio waliomwokoa.

#17 Mchongo wa Ilala

Je wakili mwenyewe yuko salama? Huku ukimtetea mtu kama huyo na wewe unaanza kufuatwa na pikipiki.

#18 Msasani Bondeni

Swali zuri, na jibu linauma. Washtakiwa hawa huwekewa masharti maalumu gerezani: barua zinasomwa, simu za kuhesabu, hawaruhusiwi kupeleka ujumbe nje. Wakili anatia saini kwamba atayafuata. Lynne Stewart, wakili wa New York aliyekuwa akimtetea Sheikh Omar Abdel Rahman, Mmisri aliyefungwa kwa ugaidi, alimsomea mwandishi wa habari tamko la mteja wake mwaka 2000. Akashtakiwa yeye. 2005 akakutwa na hatia, wakampa miezi 28. Serikali ikakata rufaa, ikapanda hadi miaka 10. Akatoka mwishoni mwa 2013 akiwa mgonjwa wa saratani. Mtu anaweza kusema alivunja masharti kwa makusudi, na kweli alivunja. Lakini waulize mawakili wa pale wangapi baada ya hapo walipunguza hata salamu za mteja kwa mkewe.

Halafu kuna nyaraka za siri. Sheria yao ya 1980 inaruhusu serikali ionyeshe siri kwa wakili aliyepekuliwa na kupewa kibali, na kumzuia asimwambie mteja. Fikiria: unasoma karatasi inayosema mteja wako alikutana na mtu siku fulani. Mwenye kujua kama ni kweli ni mteja. Nawe huruhusiwi kumuuliza. Unarudi kwake unamuuliza maswali ya kuzunguka kama mtu anayetafuta mbuzi wa jirani: "Hivi Machi mwaka ule ulikuwa wapiwapi?"

#19 Tajiri wa Mawazo

Mnasahau kesi za mtego. FBI wenyewe wanampa mtu bomu la bandia halafu wanamkamata nalo. Hapo si rahisi kushinda?

#20 Wakili Kisutu Nje

Inasikika rahisi, kortini ni mlima. Haitoshi kuonyesha kwamba serikali ilikuchokoza. Mashtaka wakithibitisha kwamba tayari ulikuwa na nia, mtego wako umekwisha, na wana saa nyingi za maongezi yaliyorekodiwa. Wale wanne wa Newburgh, New York, walijaribu utetezi huo 2010 wakashindwa, miaka 25 kila mmoja. Ni mpaka 2023 jaji yuleyule aliyewahukumu, Colleen McMahon, alipoamuru watatu waachiwe mapema, akiandika maneno makali kwamba mpangaji halisi wa njama ile alikuwa serikali yenyewe. Wa nne akafuata 2024. Juri lilikuwa limeshakwenda nyumbani miaka 13.

#21 Otieno wa Ufundi

Msasani, umetaja 284 na moja. Mimi nataka kuelewa hiyo moja. Kama walisema hakuua, na hakujaribu kuua, hiyo njama ya kuharibu jengo wameitoa wapi? Jengo lilikuwa na watu.

#22 Msasani Bondeni

Otieno, hilo ndilo swali waliloliuliza wengi asubuhi ile, hata mashtaka. Na juri halitoi sababu, linatoa jibu tu. Nitakwambia tunachokijua.

Siku mbili kabla ya uamuzi, mjumbe mmoja wa juri alimwandikia jaji barua fupi. Alisema yuko peke yake, msimamo wake hautabadilika, na wenzake wanamshambulia. Akaomba atolewe au abadilishwe. Jaji hakumtoa. Akawarudisha wote chumbani waendelee kuzungumza. Baada ya siku mbili wakatoka na jibu lile lisilofanana na lolote.

Watu wanabahatisha kwamba huyo mmoja alikuwa upande wa kumwachia, na kosa moja likawa bei ya kumaliza. Inawezekana. Hatujui, na barua haikusema yuko upande gani. Tena juri liliulizwa kwa kosa hilo moja kama kitendo chake kilisababisha kifo cha mtu, likajibu ndiyo. Hapo ndipo mlango wa kifungo cha maisha ulipofunguka. Bila hiyo "ndiyo", jaji asingefika huko.

Siku ya adhabu utetezi uliomba apunguziwe kwa yale aliyofanyiwa na CIA. Jaji akasema mateso yoyote aliyoyapata ni madogo mno ukilinganisha na waliyoyapata watu wa Nairobi na Dar. Nadhani hapo auntie yako angekubaliana na jaji. Mimi, karani, nilitamani angeyatenganisha, yale ya waliokufa yahesabiwe kivyake na yale ya gereza la siri kivyake. Ila sikukaa dirishani siku ile, nilikuwa darasani nashangilia kurudi nyumbani.

#23 Otieno wa Ufundi

Nimemsomea auntie post yako hiyo kwa simu. Amecheka hapo kwa kushangilia, akasema watoto wote wa siku hiyo walishangilia. Kisha ameuliza hiyo barua ya juri iliandikwa kwa mkono ama kwa mashine.

#24 Msasani Bondeni

Sijui, mkuu. Mwambie nitatafuta.